Elektroniki: VETA, chuo cha ufundi au chuo kikuu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwishoni mwa Januari, NECTA ikishatoa matokeo ya kidato cha nne, simu yangu haipoi. Wanapiga vijana, wanapiga wazazi, na wajomba waliotumwa na wazazi. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyaweka hapa. Mimi nilisoma stashahada kwanza, nikafanya kazi, ndipo nikarudi kusoma shahada. Usome majibu yangu ukilijua hilo, maana kila mtu huisifia barabara aliyopita.

Hivi tofauti ya fundi wa VETA, wa chuo cha ufundi na mhandisi wa chuo kikuu ni nini hasa? Si wote wanatengeneza vitu vya umeme?

Chukua televisheni inayowasha taa nyekundu halafu haiendelei. Fungua mgongo wake. Kwenye bodi ya pawa saplai utaona kapasita moja, kile kipuri cha mfano wa kopo kinachotunza umeme, kifuniko chake kimevimba kama andazi.

Fundi stadi aliyetoka VETA ataiona mara moja. Ataing'oa, atasoma volti na maikrofaradi zilizoandikwa ubavuni, ataweka mpya huku akiangalia mstari wa upande wa hasi usije ukageuzwa, atalehemu, TV itawaka. Dakika ishirini, mteja anaondoka anacheka.

Fundi sanifu, yaani mwenye stashahada, anatakiwa aulize swali moja zaidi: kwa nini imevimba? Atapima kwa osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, aone unaotoka umetulia au una mawimbi. Huenda akakuta dayodi ya jirani imeanza kuvujisha, au vumbi limeziba matundu na joto halitoki. Asipouliza, TV itarudi baada ya miezi mitatu na mteja atakuja na maneno.

Mhandisi hakuwepo wakati wa kufungua mgongo. Kazi yake ilifanyika miaka kadhaa nyuma, mezani, TV ikiwa bado mchoro. Kapasita ile imeandikwa nyuzi joto 105 na saa 2,000. Kanuni inayotumika ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, umri wake huongezeka mara mbili. Ikikaa kwenye nyuzi 65, saa 2,000 zinakuwa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka usiku na mchana. Ikisogezwa karibu na bati la kupoozea transista ikapata nyuzi 85, zinabaki saa 8,000, hata mwaka haufiki. Aliyeamua ikae wapi kwenye bodi ndiye aliyeamua TV yako ife lini.

Kapasita ni hiyo hiyo, kazi ni tatu. Swali la "niende wapi" kwa kweli ni swali la kazi ipi kati ya hizo unataka kuamka nayo asubuhi.

NVA, NTA, zote ni nini? Nachanganyikiwa.

NVA ni tuzo za ufundi stadi, ngazi ya 1 hadi 3, na huko ndiko VETA ilipo. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja. NTA ni ngazi za vyuo vya ufundi: 4 ni astashahada ya awali, 5 ni astashahada, 6 ni stashahada, 8 ni shahada, 9 uzamili, 10 uzamivu. Anayesimamia ni NACTVET, baraza ambalo wengi bado wanaliita NACTE kwa mazoea. Vyuo vikuu viko chini ya TCU. Ukikutana na mzee anayekuambia ana FTC, hicho ni cheti cha fundi sanifu cha mfumo wa zamani. Mheshimu, wengi wao wanaijua kazi kuliko sisi.

Nimemaliza kidato cha nne. Nahitaji nini kuingia stashahada ya elektroniki?

Kiwango cha chini kwa ujumla ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Kwa kozi za uhandisi vyuo hutaka Hisabati na Fizikia ziwemo, na mara nyingi Kemia pia. Aliyesoma shule ya sekondari ya ufundi, zile kongwe kama Ifunda, Iyunga, Moshi, Tanga au Bwiru, huruhusiwa kutumia masomo yake ya kiufundi mahali pa baadhi ya hayo.

Ukianzia NTA 4 ni miaka mitatu hadi stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi kwa kawaida huingilia NTA 5 na kumaliza kwa miwili.

VETA mlango ni mpana zaidi, na hata aliyeishia darasa la saba ana fani za kusomea. Mwenye NVA 3 pamoja na cheti cha kidato cha nne anaweza kupanda kuingia NTA 4, ila kila chuo kina orodha yake ya masomo kinachoyataka. Isome orodha hiyo kabla ya kulipa fomu. Kila mwaka kuna kijana analipa, kisha ndipo anasoma.

Nina D ya Hesabu. Kweli nitaweza?

D inakufungulia mlango. Kubaki ndani ni jambo jingine, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jipime hivi. Una betri ya volti 12 na taa ndogo ya LED inayokula volti 2 na kutaka miliampea 20. Uweke rezista ya ngapi? Zimebaki volti 10, gawa kwa 0.02, unapata omu 500. Dukani utaambiwa 500 hakuna, kuna 470 na 560. Unachukua ipi? Ukichukua 470 mkondo unaizidi kidogo ile miliampea 20, ukichukua 560 unashuka kama 18 na jicho lako halitaona tofauti ya mwanga. Halafu rezista yenyewe itapata joto kiasi gani? Volti 10 mara 0.02 ni wati 0.2, kwa hiyo ya robo wati inatosha, ingawa itakuwa na uvuguvugu.

Kama hapo ulitaka kuchukua karatasi ukahakikishe, D yako ni ya mwalimu aliyekosekana, au ya uvivu wa kidato cha pili, na inatibika. Kama uliruka aya nzima, basi stashahada itakuwa mlima, na shahada itakuwa mateso, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili ni namba changamano, milinganyo ya tofauti, na hesabu za Laplace na Fourier. Kwa mtu wa namna hiyo VETA si adhabu. Mikono mizuri inalipwa.

Umeme na elektroniki si kitu kimoja?

Hapana, na kosa hili limewagharimu watu miaka. Umeme, kwa maana ya kozi, ni nguvu kubwa: jenereta, transfoma, mota, nyaya za nyumba na laini za TANESCO. Elektroniki ni umeme mdogo unaobeba habari au unaotawala ule mkubwa: bodi, vihisio, maikrokontrola, vipaza sauti. Ukitaka kufunga nyaya za majumba, utahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo ina madaraja yake. Cheti cha elektroniki hakikupi leseni hiyo moja kwa moja. Nimemwona kijana mwenye stashahada nzuri ya elektroniki akikataliwa kazi ya kufunga nyaya hoteli, akalalamika kaonewa. Hakuonewa.

Halafu elektroniki nayo ina matawi. Kuna elektroniki na mawasiliano, ambayo ni minara ya simu, redio, nyuzi za mwanga. Kuna vifaa tiba, yaani mashine za hospitali. Kuna vifaa vya upimaji na udhibiti viwandani, ambako unakaa na vihisio vya joto, shinikizo na mtiririko, na zile kompyuta za kuendeshea mitambo zinazoitwa PLC. Mimi mtu akiniuliza bila kutaja mapenzi yake, humpeleka kwenye vifaa tiba au udhibiti wa viwandani. Wanaosoma mawasiliano ni wengi mno, lakini mashine ya hospitali ikizima mkoani, mara nyingi hakuna wa kuifungua.

Nataka kuwa mhandisi. Njia ipi ni fupi: kidato cha tano na sita, au stashahada?

Tupige hesabu. Kidato cha nne, kisha miaka miwili ya tano na sita, kisha shahada ya miaka minne: sita. Kidato cha nne, kisha stashahada miaka mitatu, kisha shahada minne: saba. Tofauti ni mwaka mmoja kwenye karatasi. Wa kidato cha sita naye ana miezi ya kusubiri katikati, pamoja na JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo mwaka wenyewe haujai.

Lakini kilicho muhimu zaidi ni kitu gani kinatokea ukikwama njiani. Aliyekwama baada ya kidato cha sita ana cheti kinachosema alisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Hakuna anayemwajiri mtu kwa PCM. Aliyekwama baada ya stashahada ana kazi mkononi. Baba akifariki, ada ikikatika, mimba ikiingia, mambo hayo hayaulizi uko mwaka wa ngapi. Ndiyo maana kwa familia isiyo na akiba, mimi nasema stashahada bila kupepesa macho.

Kwa mtoto mwenye A za Hesabu na Fizikia ambaye ada ya nyumbani haiyumbi, apite kidato cha sita, aende moja kwa moja. Atafika na hisabati mbichi kichwani.

Nikimaliza stashahada, chuo kikuu watanipokea?

Watakupokea ukifika na GPA, yaani wastani wa alama, inayotakiwa. Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye stashahada ni GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na baadhi ya kozi za uhandisi huweka juu zaidi ya hapo kwa sababu ya ushindani. Kwa wa kidato cha sita ni masomo mawili yenye alama kuu (principal pass) na jumla isiyopungua pointi 4, na kwa uhandisi masomo hayo huwa Fizikia na Hisabati ya Juu.

Hapa pana mtego. GPA ya stashahada huanza kujengwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanacheza muhula wa kwanza, wanashtuka wakiwa wamebakiza mihula miwili, na 2.7 haipandi hadi 3.0 kwa maombi ya mama peke yake.

Ni kweli waliotoka stashahada huteseka chuo kikuu?

Huteseka mwaka wa kwanza kwenye hisabati. Darasani kwetu mhadhiri aliandika intigrali ubaoni kana kwamba anaandika jina lake, wenzangu wa PCM wakatikisa kichwa, mimi nikatazama dirishani. Nilikesha mihula miwili.

Kisha tukaingia maabara. Mwenzangu aliyekuwa na A ya Fizikia alishika osiloskopu akauliza kitufe cha kuwashia kiko wapi. Siku ile nilikuwa mfalme. Kuanzia hapo tukabadilishana: yeye ananifundisha Fourier usiku, mimi namfundisha kulehemu mchana, tukamaliza wote. Ukifika chuo kikuu kwa njia yoyote, tafuta mtu aliyefika kwa njia nyingine.

Vyuo gani vinafundisha elektroniki?

Nitataja vya umma tu, ninavyovijua vizuri. DIT pale Dar es Salaam, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi, ndiyo mkongwe: kilianza 1957 kama taasisi ya ufundi, kikawa chuo cha ufundi, na kikapata sura ya sasa kwa sheria ya 1997. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza 1978 kwa msaada wa Wajerumani, na kina kampasi Kikuletwa kwenye mitambo ya umeme wa maji. Mbeya kuna MUST, kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi na leo ni chuo kikuu. Zanzibar kuna Taasisi ya Karume, KIST, pale Mbweni. Vyote vinne vimezaliwa kama vyuo vya ufundi, na mitaala yao bado ina harufu ya karakana hata kwenye shahada.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa elektroniki na wa mawasiliano kwenye ndaki yake ya TEHAMA, Kijitonyama. Huko nadharia ni nzito. Ukiwa na ndoto ya kubuni vitu au kuendelea na uzamili, pazingatie.

VETA wana vituo mikoani kote, kwa hiyo uliza cha kwako kina fani ipi. Dar es Salaam, Chang'ombe na Kipawa ndivyo vinavyotajwa zaidi kwa mambo haya.

Nitajuaje chuo ni kizuri kabla ya kulipa ada?

Kwanza hakikisha kimesajiliwa NACTVET au TCU, na kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imepata ithibati. Tovuti zao zina orodha. Hiyo ni dakika tano.

Kisha panda daladala uende. Usiende siku ya maonyesho, nenda Jumanne ya kawaida. Omba kuona maabara, na ukiambiwa "mwenye funguo hayupo", hilo nalo ni jibu. Ukiingia, usihesabu kompyuta. Tazama meza. Meza ya elektroniki inayotumika ina makovu ya kuungua, vipande vya risasi ya kulehemu sakafuni, na harufu ya ile gundi ya kulehemia. Meza inayong'aa haifundishi mtu. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia osiloskopu moja. Mimi katika chuo kimojawapo nilichopita tulikuwa kumi na mmoja kwa moja, na waya wake wa kupimia ulikuwa umefungwa plasta. Mwenye bahati alishika, wengine tuliandika ripoti kwa kumtazama. Watatu au wanne kwa meza ni sawa. Zaidi ya hapo, jua utajifunzia nyumbani.

Swali la mwisho la kuuliza, na uwaulize wanafunzi, si ofisi: "Mafunzo kwa vitendo viwandani mlikwenda wapi?" Wakitaja viwanda na vituo vya redio, vizuri. Wakikuambia walijitafutia wenyewe kwa shemeji mwenye duka la fotokopi, umeelewa.

Ada na mkopo vikoje?

VETA ndiyo nafuu kuliko vyote: kwa miaka mingi ada ya vyuo vyake imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka, ukiacha vifaa na sare. Stashahada na shahada ni gharama ya ngazi nyingine, na ada iliyoandikwa si gharama yote: chumba, chakula na nauli ya Dar es Salaam huishinda ada.

Bodi ya Mikopo, HESLB, zamani ilikopesha hasa wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha pia stashahada, lakini kwa kozi za kipaumbele zilizotajwa kwenye mwongozo wa mwaka husika. Jina la kozi ndilo linaloamua, neno kwa neno. Kozi mbili zinazofanana kama pacha, moja imo na nyingine haimo. Fungua mwongozo kabla ya kuchagua kozi. Na upande wa sekondari, kidato cha tano na sita shule za serikali hakuna ada tangu 2022, jambo lililoifanya njia ya PCM kuwa rahisi kuliko ilivyokuwa enzi zetu.

Mwanangu amepata Division I. Kumpeleka chuo cha ufundi si kumpoteza?

Mama, shikamoo. Swali hili nimeulizwa na wazazi wengi, na huwa linasemwa kwa sauti ya chini kama mtu anataja ugonjwa.

Chanzo chake ni kwamba kwa miaka mingi tuliambiwa ufundi ni wa waliofeli. Waliofaulu walikwenda tano, waliobaki "wakajiunge na veta". Sasa hata serikali imeanza kujirudi: mtaala mpya wa sekondari, ulioanza kuingia 2024, una mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kuanzia kidato cha kwanza. Lakini msamiati wa majirani haubadiliki kwa waraka.

Mwulize mwenyewe. Kama tangu darasa la tano alikuwa anafungua redio ya babu yake na kuzirudisha skrubu zote, atachanua kwenye stashahada na atafika shahada akiwa tayari anaijua kazi. Kama anapenda kukaa na swali la hesabu hadi saa sita usiku, mwache aende PCM. Division I inampa haki ya kuchagua. Haimlazimishi.

Nikimaliza naweza kujiita mhandisi?

Kwa shahada peke yake, hapana. Jina hilo linalindwa na sheria, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ndiyo inayoandikisha. Mhitimu wa shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa takriban miaka mitatu, huku akiandika kila alichofanya, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Mwenye stashahada naye ana daraja lake la fundi sanifu huko huko ERB, na wengi hawajui, wanakaa bila kusajiliwa bure. Kwa anayewaza kuvuka mpaka, bodi za Tanzania, Kenya na Uganda zina makubaliano ya kutambuana wahandisi, lakini yanamhusu aliyekwisha kuwa mtaalamu kwao.

Nimejifunza simu na TV mtaani, Kariakoo, miaka sita. Sina cheti. Nianze upya?

Hapana. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi, unaelekezwa penye pengo, unapewa cheti. Mapengo ya mafundi wa mtaani huwa ni yale yale: usalama, kusoma mchoro wa saketi, na kuandika. Mikononi mko mbali. Nina rafiki anayebadilisha chipu ya simu kwa hewa ya moto akiwa anabishana Simba na Yanga, ila ukimpa mchoro anaukunja.

Ajira ziko wapi?

Serikalini nafasi za fundi sanifu na mhandisi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake. Nje ya hapo kuna minara ya simu, viwanda, hospitali, vituo vya redio, kampuni za sola, na sasa reli ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma 2024. Treni ya umeme inahitaji watu wa ishara na mawasiliano kila siku ya Mungu.

Kujiajiri ni rahisi zaidi kwa fundi kuliko kwa mhandisi, tusidanganyane. Mtu aliyeharibikiwa inveta anamtafuta wa kuifufua leo. Mhandisi mbunifu anahitaji kiwanda au mtaji nyuma yake.

Binti anaweza?

Anaweza. Kulehemu kwa mikono iliyotulia hakuna jinsia. Kinachowasumbua mabinti ni maabara za usiku na mabweni yaliyo mbali na chuo, kwa hiyo hilo ndilo la kukagua.

Niko Mombasa. Haya yananihusu?

Mantiki ni ile ile, milango ni tofauti. Kwenu C+ ya KCSE ndiyo ya shahada, C- ni ya stashahada, na D ni ya cheti, na maombi hupitia KUCCPS. Karibu yako pale Tudor pana Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichozaliwa kama taasisi ya ufundi ya Waislamu na baadaye kikawa politekniki. Mafundi wazee wa bandarini bado wanakiita Poly.

Matokeo bado. Nifanye nini miezi hii ya kusubiri?

Una muda mwingi: mtihani uliisha Novemba, na hata matokeo yakitoka Januari, kidato cha tano na vyuo havianzi hadi katikati ya mwaka au baadaye. Nenda kwa fundi wa mtaa wenu, umwamkie, uombe kukaa. Mwezi wa kwanza utafagia na kutumwa vocha. Usinune. Nunua mita ya kupimia, hata ya bei ya chini, na chuma cha kulehemu cha wati 40. Okota bodi mbovu, ng'oa vipuri, vipime kimoja kimoja, uviandikie daftari.

Anza na redio za betri. Usianze na TV wala chaja kubwa. Umeme wa ukutani ni volti 230, na ukishanyooshwa ndani ya pawa saplai unakaa kwenye kapasita kubwa ya kwanza ukiwa kama volti 325, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Fundi atakuonyesha jinsi ya kuimwaga: balbu ya zamani ya wati 60 yenye nyaya mbili, unagusisha miguu ya kapasita, inamulika mara moja na kuzima. Kisha unapima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 5, ndipo unaingiza kidole.

Wengi humwaga kwa bisibisi. Inatoa mlio kama bunduki na inakula ncha ya bisibisi. Nilifanya hivyo mara moja, nikiwa na miaka kumi na saba, na fundi wangu akanikata posho ya wiki.